MCA (mwakilishi katika bunge la kaunti) wa kuteuliwa akifariki Nairobi, kunapigwa kura?

La, hakuna kura. Uchaguzi mdogo ni wa wale 85 waliochaguliwa na wapiga kura katika wadi tu. Kwa hao, spika wa bunge la kaunti hupeleka notisi IEBC (tume ya uchaguzi) ndani ya siku 21 tangu kiti kibaki wazi, na tume inatangaza tarehe.

Kiti cha kuteuliwa hujazwa kutoka orodha ile ile ambayo chama kiliwasilisha IEBC kabla ya uchaguzi mkuu: anayefuata, wa jinsia ile ile. Kwa hiyo mwanamke akifariki au akijiuzulu, mwanamume anayefuata orodhani anarukwa. Hapa ndipo vyama hukwama. Wakubwa wanataka kumwingiza mtu wao mpya, ilhali orodha haibadilishwi hadi muhula uishe. Jina jipya huombwa orodha ikiisha tu, na chama hupewa siku 21.

Angalia pia sababu ya kiti kubaki wazi. Kukosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika kunapoteza kiti; ruhusa ya mdomo haitoshi. Kujiuzulu nako ni kwa barua kwa spika, si kwa chama. Na miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, kiti cha kuteuliwa hakijazwi.