Kiswahili cha hati ya Kiarabu na cha Kilatini kwenye peji moja: nilikochomeka

Mteja mmoja aliniletea daftari la marehemu nyanya yake, utenzi mzima umeandikwa kwa mkono, Kiswahili lakini kwa hati ya Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wazee wa pwani, akataka kitabu kidogo cha kugawa kwenye hitma: kulia hati ya nyanya, kushoto Kilatini. Nikamwambia wiki moja tu. Mimi kazi zangu napanga kwa HTML na CSS (lugha za kurasa za wavuti: HTML inabeba maandishi, CSS inayapa sura) alafu natoa PDF kwenye brauza, miaka nafanya hivyo, sasa cha ajabu nini? Wallahi zilienda wiki tano.

Kosa la kwanza ndo wengi wanalifanya. Nilichukua beti za hati ya Kiarabu nikazipa text-align: right, nikaona zimekaa kulia, nikaridhika. Kumbe kukaa kulia si kusomwa kutoka kulia. Herufi zenyewe zilijipanga sawa manake Unicode, mfumo wa herufi wa kompyuta, inajua alifu inaelekea wapi, lakini nukta ya mwisho wa mstari ikarukia mwanzoni, namba ya ubeti ikahama, mabano yakapeana mgongo. Dawa ni dir="rtl", yaani soma kulia kwenda kushoto, na iweke kwenye HTML yenyewe usiiache kwenye CSS, kwa sababu mwelekeo ni sehemu ya maandishi, si pambo, faili la CSS likipotea njiani utenzi lazima bado usomeke.

Na tafadhali, kwenye lebo ya lugha usiandike lang="ar". Hicho si Kiarabu! Ni Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kwa hiyo lang="sw-Arab", na upande wa pili lang="sw". Nilidhani haya ni madoido ya wasomi mpaka nilipoandika :lang(sw-Arab) mara moja tu nikauvalisha utenzi wote fonti, saizi na nafasi bila kubandika klasi kila ubeti, na zile dua za Kiarabu halisi za mwanzoni zikabaki na sheria zake. Ila jua :lang(sw) inashika na sw-Arab pia, kwa hiyo sheria ya Kilatini itangulie, ya Arab ifuate.

Sasa palipoungua pesa. Kwenye body, yaani peji nzima, nilikuwa na letter-spacing (nafasi kati ya herufi) ndogo tu, naipenda, inaipa Kilatini hewa. Beti za Kiarabu zikairithi. Kwenye skrini sikuona kitu, tukaprinti nakala 60, kufungua... herufi zinazotakiwa kushikana mkono zimeachana, kama tasbihi iliyokatika uzi. Hati ya Kiarabu weka letter-spacing: normal, usibishane. Italiki nayo achana nayo: fonti ikiwa haina italiki yake brauza inailaza kwa nguvu, inaegemea upande usiokuwa wake. Nimeweka font-synthesis: none, brauza isibuni italiki yake, nikalala usingizi.

Fonti ndo ilinizungusha zaidi. Niliyoanza nayo ilikuwa nzuri sana kwa Kiarabu cha Waarabu, lakini Kiarabu hakina p wala ch wala v, sisi tunaandika پ na چ na ڤ, na fonti ile haikuwa nazo. Brauza haikupigii kelele, inaazima herufi kwenye fonti nyingine kimyakimya, kwa hiyo neno kama “pepo” linatoka na pe mbili nene zimekaa kama wageni wasioalikwa. Siku hizi kabla ya kupenda fonti yoyote naijaribu hizo tatu, mwanzo wa neno, katikati na mwisho, zikiwa na irabu zake. Scheherazade New ya shirika la SIL inafaa, na Amiri ya Khaled Hosny, iliyofuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq kule Cairo, mi ndo chaguo langu. Ukiiweka pembeni ya Kilatini inaonekana ndogo, niliipa saizi ya 1.35em na line-height (kimo cha mstari) ya 2, chini ya hapo kasra (alama ya irabu ya chini ya herufi) ya mstari wa juu inagongana na shadda (alama ya juu ya herufi) ya mstari wa chini.

Kila ubeti niliuweka kwenye boksi lake lenye vyumba viwili na break-inside: avoid (usikatwe kati ya peji mbili), la sivyo pande mbili zinapishana ukifika peji ya nne.

Prufu (nakala ya kusahihishia) usisome mwenyewe. Nilimpelekea shangazi yake mteja, yeye hati hii alisomeshwa chuo cha Kurani tangu mdogo, nikampa upande wa Kiarabu tu asome kwa sauti, mimi namfuata kwenye Kilatini. Niko tayari na kalamu kuwinda makosa ya upande wake. Ubeti wa 31 akasoma “penda”, mimi nina “pinda”. Wazee walitumia kasra hiyo hiyo kwa i na kwa e, aliyezoea anajua kwa maana ya ubeti, mimi nilibahatisha. “Hapo ni penda, mwanangu,” akaendelea kusoma. Tulipomaliza makosa yalikuwa manane, na saba yalikuwa upande wangu wa Kilatini.