Vijana wakishapata kipaimara wanapotea, watoto wanacheza nje ya misa: uzoefu wangu kama mlezi

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Mleta uzi kauliza afanyeje, parokiani kwao watoto wanakimbizana nje misa ikiendelea, vijana wakishapata kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) ndo basi tena, na wazazi jumuiya, yaani vikundi vya majirani Wakatoliki vinavyosali pamoja, hawaendi wanatuma tu mchango. Mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto Wakatoliki, na nafundisha darasa la kipaimara parokia moja huku Dar, nilianza sijaolewa na sasa mwanangu wa kwanza ni mtumikiaji altareni, kwahiyo naongea nilichokiona. Mtu asiye na kazi kanisani ataondoka, awe na miaka 7 au 47. Na namaanisha kazi ya kweli, ambayo asipokuja pengo linaonekana.

Watoto ndo rahisi kuliko wote. Wakalisheni mbele kabisa waone altare, mtoto wa benchi la nyuma anaangalia migongo ya watu wazima misa nzima, lazima acheze hata umfinye vipi. Kwetu misa ya watoto wanasoma masomo wenyewe, wimbo wa katikati wanaimba wenyewe, na sala za waamini wanaandika wenyewe, kuna mmoja alimuombea bibi yake apate dawa za presha na kanisa zima likaitikia kwa nguvu kweli. Msiogope kumfuata paroko (padri mkuu wa parokia), Roma ilishatoa mwongozo wa misa za watoto tangu mwaka 1973, unaruhusu kupunguza masomo ila Injili lazima ibaki, na padri akiona kuongea na watoto kunamuwia vigumu anaweza kumruhusu mlei, yaani muumini wa kawaida, azungumze nao baada ya Injili.

Halafu Utoto Mtakatifu sio sare na kucheza kwenye matoleo tu. Napenda sana wanavyocheza, lakini Askofu Forbin-Janson alipoanzisha hili shirika kule Ufaransa mwaka 1843 aliwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Basi na wetu wanasali na kutoa wanachoweza, ikitosha tunanunua sabuni na madaftari, wanapeleka wenyewe kwa watoto wenye shida hapahapa parokiani na wanakabidhi kwa mikono yao.

Sasa kipaimara, hapa ndo tunapowapoteza. Tumekifanya kama mahafali, mtihani, askofu, suti, ukumbi, keki, kwaheri. Mtoto anakariri Amri Kumi na Amri za Kanisa (na mi naunga mkono wakariri, sala uliyoishika utotoni inakuja yenyewe siku umelazwa hospitali huna nguvu ya kufikiri) ila hakuna aliyemuuliza yeye kichwani ana maswali gani. Sisi tuliweka kikapu, karatasi bila jina, jamani yalitoka mambo! Mbona Biblia yetu ina vitabu 73 na ya rafiki yangu 66, kwanini niungame kwa padri nisimwambie Mungu mwenyewe, mafuta ya upako yanafanya kazi kweli, nyumbani wananipeleka kwa mganga nikatae vipi na mimi ni mtoto. Ukiyakwepa hayo atajibiwa na TikTok au na mhubiri wa stendi. Mengine najibu mimi, mengine paroko, ya mwili na mahusiano tunamuita nesi ambaye ni muumini mwenzetu na anaongea nao bila kuwatisha.

Na kazi wapewe KABLA ya kipaimara sio baada. Kila mmoja anachagua, kwaya, utumikiaji, mitambo ya sauti, kutembelea wagonjwa pamoja na akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), walioko sekondari wanaingia TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki), ili sherehe ikiisha Jumapili inayofuata akute ana zamu na kuna watu wanamsubiri. Msimamizi wake wa kipaimara naye asiwe mjomba mwenye hela ya zawadi anayeishi mkoa mwingine, awe mtu wa jumuiya anayemuona kila wiki. Tena akiwa kijana kidogo ndo vizuri zaidi, angalieni Mashahidi wa Uganda, Kizito alikuwa na miaka kama 14 na aliyembatiza sio padri, ni Karoli Lwanga, kijana wa ishirini na kitu ambaye yeye mwenyewe alibatizwa Novemba 1885, na Juni 1886 wote wawili wakafa kwa ajili ya imani Namugongo. Vijana wanashikana wenyewe, sisi kazi yetu ni kumuandaa yule wa kuwashika.

Wazazi sasa. Jumuiya nyingi zimegeuka kikao cha michango na ndo maana wanaume wanakimbia, anajua akifika atasomewa deni mbele za watu. Kwetu tuligeuza ratiba, kwanza Injili ya Jumapili inayokuja na kushirikishana, hela dakika za mwisho na anayedaiwa anafuatwa pembeni. Familia inayopokea jumuiya wiki hiyo ndo inaandaa tafakari na baba wa nyumba ndo anasoma Injili, na wababa wanaanza kujiandaa jana yake usiku, wengine wananipigia kuuliza maana ya mstari fulani. Wenye bodaboda na wa zamu za usiku tuliwawekea ya jioni.

Mleta uzi, anza na darasa moja tu la kipaimara, na uende kwa paroko ukiwa na majina ya watu watatu waliokubali kubeba kazi na wewe, maana ukienda na wazo peke yake utaambiwa subiri halmashauri ya walei ikae.