Kupima tanini ya magome: usitupe makapi

Ukiingia kwenye kazi hii ya kupima tanini, yaani kile kitu cha kwenye magome kinachotumika kulainisha ngozi mbichi, namba itakayokudanganya mapema ni mavuno. Unachemsha magome, unachuja, unakausha yale maji, unapima kilichobaki na kuandika "asilimia 30" kwa furaha. Hiyo si tanini yote. Mna sukari, gundi na chumvi humo, na ukizidisha joto navyo hutoka kwa wingi. Mavuno yanapanda huku ubora unashuka.

Tuseme una gramu 100 za magome yenye unyevu wa asilimia 12. Uzito mkavu ni gramu 88, na asilimia zote za gome zihesabiwe kwa huo. (Sampuli ya unyevu ikaushe kando kwenye oveni ya nyuzi 105, kisha itupe. Usiikamue, yaani usiichemshe kutoa tanini, maana joto hilo huweza kufanya sehemu ya tanini isiyeyuke tena.) Umepata gramu 30 za yabisi, yaani kilichobaki baada ya maji kukauka, ukazipitisha zikiwa zimeyeyuka majini kwenye unga wa ngozi ya mnyama, ambao hunasa tanini, gramu 21 zikanaswa. Hizo ndizo tanini, yaani usafi wa asilimia 70. Ufanisi je? Bado hujui, kwa sababu makapi hujayagusa. Yakamue upya mpaka yasitoe kitu. Yakitoa tanini gramu 5 zaidi, basi jumla ilikuwa 26 na wewe ulitoa 21: takribani asilimia 81.

Makapi yenyewe yana hila. Yakiwa mabichi hushika maji mengi yenye tanini iliyokwisha kutoka kwenye gome. Usipoyasuuza kwa maji ya moto na kuyaongeza maji hayo kwenye mkamuo wa kwanza, utalaumu halijoto au ukubwa wa chenga, kumbe ni uchujaji. Yakipoa, yaminye kiganjani: yakitiririsha maji ya rangi ya chai, bado.

Wengi hukimbilia kipimo cha kemikali kiitwacho Folin-Ciocalteu, kile cha rangi ya buluu inayosomwa kwenye nanomita 760 hivi. Ni ya haraka, sikatai, lakini haichagui: inahesabu fenoli zote (kundi la kemikali ambalo tanini ni mojawapo), na hata vitamini C isiyo fenoli. Soma kabla ya kunasa tanini na baada yake, chukua tofauti. Jibu hilo ni la kulinganisha na kemikali ya kiwango kinachojulikana uliyoitumia kuchora mstari wa vipimo, kwa hiyo usiliweke safu moja na gramu za unga wa ngozi.

Vyombo viwe vya kioo au chuma cha pua. Chuma cha kawaida kikigusana na tanini, maji hugeuka meusi na usomaji wa rangi huharibika.