Maswali ya Wasomaji: Mbona s_client inaendelea hata cheti kikikataliwa?

SWALI: Mhariri, ninajifunza kuandika programu za mtandao kwa maktaba ya OpenSSL, yaani mkusanyiko wa misimbo ya kusimba mawasiliano. Nilitengeneza cheti changu mwenyewe (faili la kuitambulisha seva), nikawasha s_server, programu ya OpenSSL ya upande wa seva, kwenye kompyuta moja na s_client, ya upande wa mteja, kwenye nyingine. Kila nilichoandika upande mmoja kilionekana upande wa pili, ijapokuwa matokeo ya ukaguzi wa cheti yalikuwa namba 18 badala ya 0, yaani hakuna kosa. Je, mawasiliano hayo ni salama, na ninaweza kuitumia s_server kwa huduma ya duka letu? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, maneno yako yalisimbwa njiani, kwa hiyo mtu anayechungulia tu asingeyasoma, lakini s_client haikuhakikisha kwamba aliyeko upande wa pili ndiye uliyemkusudia, na hilo ndilo jambo zito. Namba 18 maana yake ni kwamba cheti kimetiwa saini na mwenyewe, wala hakimo miongoni mwa vyeti ambavyo kompyuta yako inaviamini. Kivinjari kingekuzuia hapo hapo. s_client huandika kosa kisha ikaendelea, kwa sababu imetungwa iwe chombo cha kupimia, na fundi anayetafuta hitilafu anahitaji kuona mazungumzo yote, hata yaliyokwenda kombo.

Nakili cheti hadi kompyuta ya s_client (ufunguo wa siri ubaki kwenye seva), kisha rudia jaribio ukiiongezea s_client -CAfile cheti.pem, inayoitajia cheti cha kuamini, na -verify_return_error, ambayo huamuru mawasiliano yakatike ukaguzi unaposhindwa. Hata ukipata 0, jina la seva bado halijakaguliwa mpaka uongeze -verify_hostname pamoja na jina lililomo ndani ya cheti.

Kuhusu duka, nakusihi usiitumie s_server. Inahudumia mteja mmoja kwa wakati mmoja, wengine wakisubiri, na baadhi ya herufi unazoandika huzichukua kama amri. s_client nayo ina tabia hiyo: ukiijaribu na seva ya baruapepe, ukaandika RCPT TO (amri ya kumtaja mpokeaji) kwa herufi kubwa, R iliyoanza mstari inachukuliwa kuwa ombi la kujadili upya usalama wa muunganisho, na seva haipati anwani ya mpokeaji. Andika rcpt to kwa herufi ndogo, au tumia -quiet, ili herufi zisichukuliwe kama amri.

Kwa huduma halisi, nginx, programu ya seva ya wavuti, hutumia OpenSSL hiyo hiyo na imejengwa kwa wateja wengi. Ukitaka kuandika programu yako, usianze na msimbo wa s_client, kwani umejaa machaguo ya upimaji. Soma sslecho, programu ya mfano katika folda ya demos ya OpenSSL 3, ambayo ni fupi, na katika programu yako ya mteja hakikisha umeita SSL_CTX_set_verify kwa SSL_VERIFY_PEER (kulazimisha ukaguzi wa cheti), pamoja na SSL_set1_host (kukagua jina la seva), kabla ya kuunganisha.