Mkuu usitume hiyo advansi kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umesema nchi unakoagizia imewekewa ushuru mpya, muuzaji anayetaka advansi kakwambia "ushuru tutaubeba sisi", wateja wako umeshawapa bei, na unataka kujua kama bidhaa za ndani zitabaki nafuu na kama uhamie kuagizia nchi nyingine. Hayo mengine yatasubiri, hiyo bei uliyowapa wateja ndo itakayokumaliza.

Ushuru wa forodha anadaiwa mwagizaji, yaani wewe ambaye jina lako liko kwenye makaratasi ya kutolea mzigo. Kiwanda hakidaiwi hata senti. Muuzaji akisema anaubeba, angalia ankara yake: kama bei haijashuka, hajabeba chochote. Marekani walipoiwekea China ushuru 2018 na 2019, wachumi walifuatilia bei za mizigo inayoingia wakakuta wauzaji wa China karibu hawakupunguza kitu, gharama karibu yote ikawaangukia waagizaji wa Marekani wenyewe.

Sasa mimi nilichofanyiwa. Wakala wa forodha aliniambia kwa mdomo mpana kabisa kwamba oda ya zamani inalipiwa kiwango cha zamani, nisiwe na wasiwasi. Nikauza kontena zima kabla halijafika, kwa bei ya zamani, risiti zimeshatoka. Mzigo unafika naambiwa kiwango kinachotumika ni cha siku unapoingia na kutolewa tamko forodhani, siku ya oda haihusiki. Na VAT juu yake hawaipigi kwenye thamani ya mzigo peke yake, wanajumlisha ushuru kwanza ndo wanapiga, kwa hiyo ushuru ukipanda na VAT inapanda nao. Nahangaika kutafuta hela ya tofauti, huku storeji ya bandarini inahesabu kila siku na mwenye kontena naye anataka kontena lake, wateja wanapiga simu asubuhi mpaka usiku, na huwezi kuwaongezea bei maana walishalipa. Faida yote ikaondoka na mtaji ukafuata. Yule wakala akanitumia bili yake kamili bila aibu! Mtu ambaye kazi yake ni kusoma matangazo ya forodha hakusoma hata moja, na mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Kuna wakati mizigo iliyoko baharini inasamehewa, ila lazima tangazo lenyewe liseme. Aprili 2025 Marekani ilipoweka ushuru wa asilimia 10 kwa karibu nchi zote, mzigo uliopakiwa melini kabla ya tarehe 5 ulipewa nafasi. Mwezi huohuo ushuru kwa bidhaa za China ukapanda mpaka asilimia 145, katikati ya Mei ukashushwa mpaka 30. Meli inaweza kuondoka na kiwango kimoja ikafika na kingine, sasa wewe unamwahidi mteja bei kwa kutumia kiwango gani?

Na kama kuna aliyekushauri upitishie mzigo nchi ya tatu ubadilishe maboksi, usimsikilize kabisa. Forodha wanaangalia bidhaa imetengenezwa wapi, sio meli imetokea wapi, na cheti cha uasili cha uongo ni kesi, mzigo unaweza kutaifishwa.

Bidhaa za ndani nazo usizitegemee sana. Marekani 2018 waliweka ushuru kwenye mashine za kufulia za nje, bei zikapanda kama asilimia 12, na za viwanda vya ndani zikapanda pia maana mshindani ameshapandisha, wao washushe kwa nini? Hata mashine za kukaushia ambazo hazikuguswa na ushuru zilipanda, kwa sababu watu hununua zote mbili pamoja.

Kwa hiyo wapigie wateja wako leo, waambie bei ya mzigo ni hii na ushuru utahesabiwa kwa kiwango cha siku mzigo unapoingia, uandike hivyo kwenye kila profoma, ile ankara ya awali unayompa mteja. Atakayekataa mrudishie hela yake sasa hivi wakati bado unayo. Halafu mwambie muuzaji ashushe bei kwenye ankara yenyewe, ankara ya kweli, sio moja ya forodha na nyingine ya kwako, na mpaka aitume usimtumie hata shilingi.