Mpelelezi Wako Akiwa Punda, Mwache Awe Punda

Juzi mwalimu mmoja wa Kakamega alinitumia hadithi yake ya upelelezi ya watoto. Sungura kavaa koti na miwani, anahoji washukiwa kama afande wa kituoni, na mwizi ni fisi. "Dada, mbona wanafunzi wangu wa gredi ya nne hawacheki?"

Hawacheki kwa sababu humo hamna mnyama, mwalimu. Kuna watu waliovalishwa manyoya. Na fisi! Mtoto akimwona fisi ukurasa wa kwanza, kesi imeisha.

Mpelelezi wangu mimi ni punda wa mkokoteni wa maji, hapa Manyatta, Kisumu. Nilimchagua kwa masikio yake: watu humwaga siri zao zote mbele ya punda wakidhani hasikii. Katika hadithi ninayoipenda zaidi, vitu vinapotea ufuoni Dunga. Soksi moja ya sare. Leso. Mfupa aliouficha mbwa. Kunguru anashikwa kwanza, maana jina lake lilishaharibika. Paka anajitolea kuwa shahidi, anatoa ushahidi mrefu huku magamba ya omena yamemganda masharubuni. Kenge anakamatwa kwa sura tu, ilhali yeye shida yake ni mayai; soksi ya nini?

Mwizi ni fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Kiota chake huweza kufika upana wa mita 1.5, na hukirundikia mifupa, matambara na takataka yoyote atakayoiokota. Hilo sikulitunga. Tangu ukurasa wa pili yupo, analalamika kwamba nyumba yake "bado haijapendeza". Watoto wanacheka, wanamsahau. Kidokezo kifiche ndani ya kichekesho, basi.

Mhariri mmoja (jina naliacha) aliniambia watoto wa siku hizi wanataka roboti, eti punda hana mvuto. Sawa. Wiki iliyopita niliisoma hadithi hiyo darasani, si mbali na Kibuye. Kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyeinuka. Ya chakula! Laiti mhariri yule angekuwepo.

Kwa hiyo wasomee watoto kwa sauti kabla ya kumtafuta mhariri. Tena acheni, waandishi wenzangu, kumalizia na "hadithi hii inatufundisha". Mtoto amehubiriwa nyumbani, gwarideni na kanisani, halafu nawe unamvizia kwenye ukurasa wa mwisho? Mwheshimuni mtoto!

Mwalimu, fisi mtoe. Mtafute nguchiro miraba, yule mnyama mdogo mwenye milia mgongoni. Akipata yai lenye ganda gumu hulirusha kinyumenyume, katikati ya miguu yake ya nyuma, likapasukie kwenye jiwe. Mwandike hivyo hivyo, bila koti, kisha nitumie.