Kopo moja, mtoto na bodaboda

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Baridi ya Julai imempasua mwanangu mashavu mpaka yanatoa damu. Nampaka mafuta ya mgando kila asubuhi akienda shule, lakini akirudi mchana amekauka kama hakupakwa. Mama mkwe anasema nimtie na puani akiwa na mafua, tena eti ndiyo dawa ya kuungua. Na baba yao, dereva wa bodaboda, anachota kopo hilohilo akapake betri! Nimkataze?
Mama Wawili, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi. Huku Uyole nako maji ya bomba asubuhi yanauma vidole.

Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia tu yaliyomo yasipotee. Ukimpaka mtoto ameshakauka, unazuia nini? Mwogeshe haraka kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue, kisha mpake hapohapo ngozi ikiwa bado na unyevu. Tabaka jembamba linatosha, likizidi vumbi la Makambako litamganda usoni. Rudia wakati wa kulala. Yakitoka majimaji au magamba ya njano, mpeleke kituo cha afya, usiendelee kupaka tu.

Puani, mwambie mama mkwe kwa heshima: pembeni mwa pua palipochubuka sawa, ndani hapana. Mafuta yanaweza kuteleza mpaka kwenye mapafu, na yakifika huko mara kwa mara yanaleta nimonia. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Ukiwahi kupaka mafuta unafungia joto ndani.

Sasa baba watoto. Usimgombeze, maana mafuta haya yenyewe asili yake ni kwenye mitambo. Mwaka 1859 mkemia Robert Chesebrough alikwenda Titusville, Marekani, kwenye visima vya mafuta, akakuta uchafu kama nta unaoganda kwenye pampu. Wafanyakazi waliuchukia kwa kuharibu kazi, lakini wakikatwa au wakiungua waliupaka. Akausafisha, na mwaka 1872 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya Vaseline. Kwenye betri yanafanya yaleyale: yanazuia unyevu na hewa, kutu ichelewe.

Ninachokataa mimi ni kopo moja. Kidole chenye asidi ya betri na grisi kisirudi kwenye mafuta ya mashavu ya mtoto! Mnunulie lake, uliandike jina. Na umwambie azime pikipiki, asafishe ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri, afunge nyaya na kukaza nati kwanza, ndipo apake kwa nje. Mafuta haya hayapitishi umeme, kwa hiyo akiyaweka kati ya waya na kichwa cha betri, alfajiri ya baridi pikipiki inaweza kugoma kuwaka na abiria wakachukuliwa na wenzake.